Mabruki Pini na Godoro la Mama Yake

Ukishuka Wesha leo ukauliza fundi redio, utaelekezwa kibanda cha mabati karibu na pale wanapopakulia mizigo, na ndani utamkuta mzee mwembamba, sikio lake la kushoto lina tundu lisilo na kitu. Utamsalimu, atakujibu, na utadhani umemkera, maana sauti yake inakatika kama hizo redio anazozitengeneza. Vijana wa pale husema ni sigara. Waongo. Mtu yule hajagusa sigara tangu miaka ya themanini, na sauti ile haikuchakaa kidogo kidogo. Ilikatika siku moja, asubuhi moja, na ndugu yake Mwatima anayajua yote yaliyoileta siku hiyo; mwenzake wa kuyajua alikuwa mama yao, na mama yao keshazikwa.

Basi huyo ndiye Mabruki Masika, aliyeitwa Mabruki Pini. Kwao Pujini. Mapinduzi yalimkuta ana miaka saba, baba keshafariki, mama yao Bi Kijakazi anawalea yeye na Mwatima kwa kushona magodoro ya sufi. Pujini nzima mpaka Chake walilala juu ya kazi ya mikono ya mama yule. Sufi kabla haijatiwa godoroni hupigwa kwa fimbo mbili ikafumka, na fimbo hizo alizishika Mabruki tangu mdogo. Mwatima alikuwa akikaa kando akimwangalia kaka yake anavyozipiga, mara pole pole, mara kama anagombana na mtu, kijisufi kimemjaa mpaka kwenye kope, na mama anamwambia, "Piga sufi, Mabruki, usiipigie ngoma." Lakini alikuwa akicheka. Bi Kijakazi alimpenda mtoto yule mapenzi ya kumuogopea, na Mwatima aliliona hilo mapema wala hakulionea wivu, au kama alilionea, alilimeza.

Alipofika miaka kumi na tisa Mabruki alipanda chombo Wete akaenda Tanga, na kutoka Tanga akapata kazi ya jikoni katika meli ya mizigo. Miaka mitano hakuonekana. Aliporudi, subhanallah, watu walitoka majumbani kumtazama. Nywele zimesimama wima. Suruali imechanwa magotini kwa makusudi, mtu mzima na akili zake. Sikioni katia pini, pini hizi hizi za kufungia nepi. Na mkononi gitaa jekundu la umeme, jembamba, na kijispika chake cha kuendeshea betri ya gari. Alisema huko Ulaya, katika bandari moja ya baridi, kawaona vijana maskini kama yeye, hawajui kupiga vizuri wala kuimba vizuri, na hawajali, wanapanda jukwaani wanapiga kelele kuwaambia wakubwa wao kila kinachowakaa rohoni. Muziki wao unaitwa panki. "Mama," alisema, "nimeutafuta muziki huu tangu nilipokuwa napiga sufi yako."

Bi Kijakazi aliligusa lile pini sikioni mwake, akamuuliza kama linauma. Hilo tu.

Mabruki akatafuta wenzake wawili. Othman alipiga ngoma na madebe ya rangi, Jaribu akajitengenezea besi kwa sanduku na nyaya za breki ya baiskeli. Wakajiita Pini. Nisikudanganye, ilikuwa kelele. Arusini walifukuzwa, mara moja na bibi arusi mwenyewe. Lakini kulikuwa na wimbo mmoja, na wimbo huo ulikuwa na mwendo wa fimbo mbili juu ya sufi, na maneno yake yalikuwa haya tu, yakirudiwa rudiwa mpaka mishipa ya shingo ikamtoka: *Mkono wanukia karafuu, tumbo lanukia njaa.* Wachumaji waliokuwa wakishuka mikarafuuni waliusikia mara moja wakaushika. Watoto wakauimba wakienda skuli. Na wakubwa nao wakausikia.

Mara ya kwanza walimkamata wakamnyoa nywele na kumchana suruali, suruali ambayo mwenyewe alikwisha kuichana, wakajichosha bure. Alirudi nyumbani anacheka. Mara ya pili alikaa ndani siku kumi na nne, na aliporudi hakucheka, na mbavu zake zilikuwa na alama ambazo hakutaka mama yake azione. Mama alizikanda kwa maji ya chumvi. Mwatima ndiye aliyemshikia beseni. Wakati huo Mwatima alikuwa keshaachika, karudi kwao na kijisanduku chake kimoja, na katika nyumba ile alikuwa amekuwa macho ya kila mtu.

Mwaka ule, mwezi wa Mfungo Pili, habari zilienea kuwa Idi Kubwa ikifika, siku ya Idi Pili, Pini watapiga Wete, kiwanjani, mbele ya watu wote, na wimbo wa karafuu ndio wa kwanza. Mabruki mwenyewe alizieneza. Halafu mchana mmoja akaja jamaa mmoja wa ukoo, tarishi wa ofisi moja huko Chake, akapitia mlango wa uani, hakutaka hata kukaa.

"Bi Kijakazi, mzuie mwanao," alisema. "Barua nimeibeba mimi mwenyewe. Mara hii ya tatu hawamtii ndani akarudi. Wanamvusha bara."

Mama alimweleza Mabruki. Mabruki akambusu kichwani. "Waje tu, mama. Huko bara nako kuna watu wenye masikio."

Jumatatu iliyofuata Mabruki kaenda Wete kuangalia kiwanja. Mwatima alitoka kisimani na ndoo yake, akaingia chumbani kwa mama, akamkuta kakaa chini, godoro lake mwenyewe kalifumua ubavu mzima. Gitaa jekundu limelala mbele yake, kalizungushia kanga, analisukumia sufi huku na huku kama anamlaza mtoto.

"Funga mlango," alisema mama.

"Mama, unafanya nini?"

"Nnamfunga ndugu yako kabla hawajamfunga wao. Hana gitaa jingine, na kisiwa kizima hakina la kumwazima lililo kama hili. Bila ya hili hatapanda pale."

"Akijua?"

"Atajua Idi ikipita. Nitalifumua kwa mkono wangu huu, nimpe, anitukane akitaka." Alichukua sindano yake kubwa, akaanza kushona, mishono midogo midogo ambayo hata mwenzake wa kazi asingeiona. Kisha bila ya kumtazama akasema, "Lakini kabla ya Idi ukifungua mdomo, Mwatima, sikuradhi. Si duniani, si akhera."

Mwatima alikuwa hajawahi kusikia neno lile likitoka kwa mama yake. Sikuradhi. Kwetu sisi hilo si neno la kumtishia mtoto ale. Akamsaidia kulilaza lile godoro kitandani na kutandika shuka.

Mabruki aliporudi alipekua nyumba, akapekua banda la kuku, akapekua nyumba ya Othman mpaka wakataka kupigana. Jioni akaja akajitupa kando ya mama yake, juu ya godoro lile lile, akalia mtu mzima yule. "Mama, wameniibia mkono," alisema. Bi Kijakazi akampapasa mgongo. Mwatima alitoka nje akajifanya anakusanya kuni.

Sasa hapa ndipo ninapomlaumu Mabruki, na nitamlaumu mpaka nife. Mtu aliyewatukana mashehe kwa nyimbo, aliyesema visomo ni biashara ya wazee, asingekwenda popote, angekaa akanuna kama wanavyonuna watu wote walioibiwa. Lakini hasira ikamkumbusha alikozaliwa. Kwetu ukiibiwa na huna wa kumshika, unasoma Halbadiri. Yanasomwa majina ya wale mashahidi wa Badri, mmoja mmoja, na kila jina watu wanaitikia amin, na aliyekudhulumu anaachiwa Mungu amwadhibu, hata kwa mauti. Akaenda kwa Maalim Abrahman na pini lake sikioni.

Maalim alimkanya. "Hiki si kitu cha kuchezea, Mabruki. Ukishakitupa hukifuati ukakirudisha. Hakizuiliki ila kwa kitu kimoja tu: wewe uliyedhulumiwa useme kwa ulimi wako, nimemsamehe."

"Simsamehe," alisema Mabruki. "Soma, Maalim."

Kisomo kilikuwa pale pale nyumbani, Alhamisi baada ya alasiri. Wanaume barazani, ubani unafuka, wanawake ndani nyuma ya pazia. Mwatima alimwambia mama yake, "Nenda kwa jirani, kwa Bi Mwanapili, mama, sema una mgonjwa wa kumtazama. Usikae hapa."

"Nikiondoka watajua," alisema Bi Kijakazi. "Mwenye nyumba akimbie kisomo cha mwanawe?"

Akavaa buibui lake, akakaa mstari wa mbele. Maalim akaanza kusoma majina. Wanawake wakaitikia. Mwatima aliubana mdomo, lakini bega lake lilikuwa limegusana na bega la mama yake, na akaisikia sauti ya mama yake, haitetemeki, ya mtu anayefanya kazi: amin, amin, amin, mpaka jina la mwisho.

Siku ya tano miguu ya Bi Kijakazi ikavimba. Siku ya nane akawa hawezi kupanda ngazi mbili za uani bila ya kukaa. Walimpeleka Chake, daktari akasema moyo umechoka, akampa vidonge. Huenda moyo ulikuwa umechoka zamani. Mama yule alikuwa mwembamba wa maisha, kila chenye mafuta akiwapa watoto, na mimi sijasoma udaktari. Lakini nenda ukamwambie hayo Mwatima. Yeye alikuwa akiitazama ile miguu inavimba, na alijua jambo moja tu: kuna neno moja, liko mdomoni mwa kaka yake, likitoka mama atapona.

Akaanza kulitafuta. Kwanza alikwenda kwa Maalim Abrahman akauliza, kana kwamba anauliza ya mtu mwingine, je, mtu akimsamehe mwizi bila ya kumjua, inafaa? Maalim akamtazama muda mrefu, akasema inafaa, ilimradi ulimi na moyo viwe pamoja. Akarudi nyumbani. Mabruki alikuwa uani anamchemshia mama uji. Tangu mama augue alikuwa hatoki, pini lenyewe kalivua akalichomeka kwenye kola ya shati.

"Kaka, nina ombi," alisema Mwatima.

"Sema."

"Msamehe aliyechukua gitaa. Ifanye sadaka ya mama apone."

Mabruki akaacha kukoroga. "Nimchinjie mama kuku, nitachinja. Nifunge, nitafunga. Hilo la kumsamehe yule siliwezi."

"Kwa nini huliwezi? Mtu usiyemjua hata sura."

"Ndiyo maana. Ningemjua ningempiga yakaisha." Akarudi kukoroga. "Mwatima, mimi sina nyumba, sina mke, sina chochote cha kuonyesha kwa miaka ile ya melini. Nilikuwa na kile. Aliyekichukua alijua anachukua nini. Simsamehe mpaka afe."

Mwatima aliondoka akaenda kukaa nyuma ya choo akalia na kanga mdomoni. Alirudia kesho yake, na kesho kutwa. Mara ya nne Mabruki akamkasirikia, akamuuliza kama kuna mtu anamlipa. Mwatima alikaribia sana kusema siku ile. Neno lilikuwa ulimini. Akaingia ndani kumwambia mama, nasema, mama, leo nasema, na mama akamkamata mkono kwa nguvu ambazo hakudhani bado anazo.

"Zimebaki siku sita, Mwatima. Siku sita nitaziweza."

"Huziwezi, mama. Jitazame."

"Akilipata ataenda Wete. Unamjua. Mimi nikifa atanizika; yeye akipelekwa huko sitajua hata kazikwa wapi." Akatulia kidogo apate pumzi. "Na gitaa lenyewe linanichoma mbavu, basi kila likinichoma nasema, alhamdulillahi, yupo uani."

Zikawa siku tano, nne, tatu. Siku ya tatu kabla ya Idi, baada ya adhuhuri, Mabruki alikaa kitandani kwa mama yake akimlisha uji kwa kijiko. Mwatima alikuwa mlangoni.

"Mabruki," alisema mama.

"Naam, mama."

"Yule mwizi wako. Hujamsamehe tu?"

Mabruki akacheka kidogo, akampangusa mdomo. "Na wewe pia kakutuma Mwatima? Bado, mama. Akirudisha nitafikiri."

Mwatima alimtazama mama yake. Bi Kijakazi akatikisa kichwa kidogo sana, kumwambia hapana. Kisha akamwambia mwanawe, "Mimi nimekuradhi, mwanangu. Yote. Hata kelele zako." Akataka alazwe. Alfajiri ya siku ya pili kabla ya Idi hakuamka.

Unajua desturi yetu. Maiti akishatolewa, kabla ya kuinuliwa jeneza, mtu wake wa karibu husimama mbele ya watu akamwombea msamaha. Bi Kijakazi hakuwa na mtoto wa kiume ila mmoja. Mabruki akasimama pale uwanjani, kanzu ya kuazima inamwishia magotini, kofia imemkaa upande juu ya zile nywele, na Mwatima yuko dirishani, ndani, pamoja na wanawake.

"Jamani," alisema Mabruki, "mama yangu kaishi na nyinyi. Kama kuna mtu aliyekosewa naye, kwa kujua au kwa kutojua, kama kuna alichomchukulia mtu, nakuombeni mumsamehe."

"Tumemsamehe," walisema watu.

"Mumsamehe," alisema tena.

"Tumemsamehe."

Akasema mara ya tatu, wakaitikia mara ya tatu, kiwanja kizima, wazee na vijana, Othman na Jaribu, Maalim Abrahman, hata tarishi wa Chake. Mwatima alikuwa anasikiliza sauti moja tu katika zote zile, na haikuwamo. Mwombaji haitikii. Alishika nondo za dirisha akaita, "Kaka, na wewe sema," lakini wanawake walikuwa wakilia, na wanaume wamekwisha kuinua jeneza, na Bi Mwanapili akamkumbatia akamrudisha ndani akidhani uchungu umemzidi.

Khitma ikasomwa siku ya tatu, na hiyo ndiyo siku ya Idi. Idi Pili ilipofika Mabruki hakwenda Wete. Othman na Jaribu walikwenda, na gitaa la kuazima la kawaida, lisilo na umeme. Kesho yake asubuhi Pujini ikapata habari kuwa hawakumaliza hata wimbo wa kwanza. Gari la kuwakamata lilikuwa limengojea tangu mapema. Othman alirudi baada ya miezi minane, na Jaribu hakurudi kabisa. Mabruki alizipokea habari zile amesimama, akakaa.

Baadaye akasema, basi na asaidie kazi. Godoro la marehemu lilikuwa litolewe nje lianikwe, apewe maskini. Mwatima alimwona anaingia chumbani. Hakumzuia. Idi ilikuwa imepita, na alikuwa hana tena nguvu za kumzuia mtu.

Alisikia analikunja godoro, halikunjiki. Alipoingia alimkuta kapiga magoti, kaling'oa lile pini kwenye kola ya shati yake, anafumua mishono ya mama yake, mmoja mmoja, kwa uangalifu kama anayeogopa kuiharibu. Sufi ikamwagika. Kanga ikatokea, ile ya mama ya kijani, kisha ubavu mwekundu wa gitaa.

"Lini?" aliuliza.

"Jumatatu ile uliyokwenda Wete."

"Na kwenye kisomo alikuwapo."

"Alikuwapo. Mstari wa mbele."

"Aliitikia?"

Mwatima alitaka kusema uongo. "Majina yote," alisema.

Mabruki hakumuuliza kwa nini hukuniambia. Hakumpiga, hakumtukana, na hilo ndilo Mwatima hajaweza kulisahau. Aliliacha gitaa pale pale ndani ya sufi, akatoka, miguu mitupu, akashika njia ya makaburini. Makaburi hayako mbali na nyumba. Wanawake kwetu hawaendi, kwa hiyo Mwatima alibaki mlangoni, na pale mlangoni alilisikia. Neno alilolitafuta siku zile zote, alilolilia nyuma ya choo, sasa linatoka, kwa ile sauti ya jukwaani ya kupasua mishipa. Nimemsamehe. Kisha, nimekusamehe mama. Nimekusamehe mama. Mara mia, sijui, mara mia mbili, ikapanda, ikakwaruza, ikapasuka, na akaendelea nayo hivyo hivyo imepasuka, mpaka ikawa pumzi tu.

Bi Mwanapili alipita uani na kapu lake, akasimama, akasikiliza, akasonya.

"Mwambie ndugu yako," alimwambia Mwatima, "hata kama ni nyimbo zake, amwache mama yake japo apoe kwanza."

Mwatima alirudi chumbani, akakaa chini, akaanza kuokota sufi.